Warusi Walivyofunzwa Kuuliza kwa Kiingereza

Wauza vinyago wa Nungwi wana lalamiko moja juu ya wageni wa Kirusi: hawaulizi, wanahoji. "You have smaller?" "How much it cost?" "Why you not bring?" Sauti inapaa ghafla katikati ya neno kisha inaporomoka, na muuzaji anajiona kama yuko kituo cha polisi. Mimi huwatetea. Nilisoma kilimo Voronezh miaka ya 1980, nikalala chumba kimoja na Warusi, na tangu ndege za kukodi kutoka Moscow zianze kumiminika Zanzibar mwishoni mwa 2020 wao ndio wanaoniweka mjini. Ukali ule ninaujua unakotoka. Unatoka kwenye sarufi, na kwenye namna sarufi hiyo ilivyofundishwa shuleni kwa vizazi.

Kwanza tuelewane Kirusi chenyewe kinavyouliza. Kirusi, kama Kiswahili, hakisumbuki kuyapanga maneno upya ili kupata swali. Ukisema "umenunua tiketi" kwa sauti iliyotulia umetoa habari, ukipandisha sauti umeuliza. Ila wenzetu wameupeleka ufundi huo mbali zaidi. Mwanafonetiki Elena Bryzgunova alivigawa viimbo vya Kirusi katika aina saba, na aina ya tatu, ambayo kila mgeni aliyesoma Urusi anaijua kwa jina la IK-3, ndiyo ya swali la ndiyo au siyo. Sauti inaruka juu kwenye silabi moja tu yenye mkazo, kisha inashuka papo hapo. Chukua sentensi "Ty kupil bilety", yaani wewe ulinunua tiketi. Sauti ikiruka kwenye kitenzi, unaulizwa kama ulinunua au hukununua. Ikiruka kwenye tiketi, unaulizwa kama ni tiketi ulizonunua au kitu kingine. Ikiruka kwenye neno la kwanza, unaulizwa kama ni wewe au mwenzio. Maswali matatu, na hakuna neno lililohama mahali pake. Mwalimu wetu wa fonetiki alituongoza kwa mkono kama mwongoza kwaya: kiganja juu, kiganja chini, tena, tena, mpaka madirisha yote yakaingia ukungu. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tulilipata somo lile mapema kuliko wengi.

Kiingereza nacho kina desturi ambayo ukiitazama kwa macho ya mgeni utaona ni kituko. Kuna neno "do", ambalo katika swali halina maana yoyote. Halisemi kufanya, halisemi chochote, limeitwa kazini ili lisimame mbele ya kiima na kubeba wakati wa kitenzi. "You live here" ni habari, ukitaka swali, lazima umlete mtumishi huyu, umweke mbele, umvike wakati uliopita ikibidi, na kitenzi chenyewe kibaki uchi: "Did you live here?" Mrusi haoni sababu ya usumbufu huo. Mswahili pia haoni, na ndiyo maana mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi imejaa "You are going where?" na hakuna anayekosa basi.

Wala Waingereza wenyewe hawakuwa hivyo tangu zamani. Zamani zile walibadilisha tu nafasi ya kitenzi na kiima, wakasema "Know you?" na "What say you?" bila mtumishi yeyote. "Do" iliingia polepole. Mwanaisimu wa Uswidi Alvar Ellegård alipitia maandiko ya karne kadhaa na mwaka 1953 akachapisha hesabu zake, zikionyesha jinsi mtindo mpya ulivyopanda kuanzia karne ya 15 na kuota mizizi katika karne ya 16 na ya 17. Kwa muda mrefu njia zote mbili zilitumika bega kwa bega, wakati mwingine katika kinywa cha mtu yuleyule.

Hapo ndipo historia ya Warusi inapoanza, na inaanza kwa bahati njema. Mwaka 1602 Tsar Boris Godunov alituma vijana wanne Uingereza wakasome lugha na elimu ya huko. Meli za Kiingereza zilikuwa zikifika Bahari Nyeupe tangu Richard Chancellor alipotia nanga mwaka 1553, biashara ilikuwa kubwa, na Tsar alitaka watu wake mwenyewe wa kusoma barua na kusikiliza mabalozi. Vijana wale waliingia London Shakespeare akiwa hai na akiandika, na Kiingereza kikiwa bado hakijaamua kitaulizaje. Walikuwa na hiari ambayo hakuna Mrusi aliyewahi kuipata tena: kusema "Know you this man?" au "Do you know this man?" na yote mawili yakasikika ya kiungwana. Godunov alikufa, nchi yao ikaingia machafuko, na vijana hawakurudi. Mmoja, ambaye Waingereza walimwita Mikipher Alphery, alisomea ukasisi, akapewa parokia ya Woolley huko Huntingdonshire mwaka 1618. Wajumbe wa Tsar mpya walipokuja kumdai arudi, alikataa katakata. Mtu aliyehubiri kwa Kiingereza Jumapili baada ya Jumapili, nadhani, aliuliza vizuri tu.

Baada ya hapo mlango wa hiari ulifungwa. Mikhail Permsky, mwalimu wa makadeti wa jeshi la wanamaji huko St. Petersburg, alipochapisha mwaka 1766 sarufi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kirusi, "do" ilikwisha kuwa sheria. Zingatia ni nani walioandikiwa: mabaharia. Watu wa kasri walisema Kifaransa, wahandisi na madaktari Kijerumani, na Kiingereza kilikuwa cha wanaoshika usukani. Baharia anahitaji kuuliza kina cha maji na upepo unatoka wapi, tena haraka, kwa mtu asiyemwona vizuri. Katika miaka yote ninayoijua ya masomo haya, huyo ndiye mwanafunzi pekee aliyekuwa na swali la kweli.

Waliofuata walikuwa wasomaji. Pushkin alijifundisha Kiingereza akiwa mtu mzima ili amsome Byron na Shakespeare, na alikisoma kwa macho. Lenin na mkewe Krupskaya walikuwa vivyo hivyo. Wakiwa uhamishoni Shushenskoye, Siberia, walifasiri kitabu kizima cha Sidney na Beatrice Webb juu ya vyama vya wafanyakazi, kazi ya kurasa mamia. Walipofika London mwaka 1902, Krupskaya anakumbuka, hawakumwelewa mtu na hakuna aliyewaelewa wao. Lenin akawa anakwenda Hyde Park kusimama mbele ya wahubiri na wapiga domo, akitega sikio. Kisha wakatoa tangazo katika jarida la Athenaeum: Mrusi msomi wa sheria na mkewe wanataka kubadilishana masomo, wao wafundishe Kirusi, wafundishwe Kiingereza. Watu hawa walikwisha kuhamisha hoja nzito za uchumi kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kumuuliza mwenye nyumba makaa yanauzwa wapi lilikuwa jambo jingine kabisa.

Baada ya mapinduzi dola ilikuwa na mipango mikubwa. Azimio la Chama cha Kikomunisti la mwaka 1932 liliitaka kila shule ya sekondari ihakikishe mwanafunzi anatoka na lugha moja ya kigeni. Kabla ya vita lugha hiyo mara nyingi ilikuwa Kijerumani. Kiingereza kilichukua nafasi baadaye. Aliyelifikiria zaidi jambo la ufundishaji ni Lev Shcherba wa Leningrad, aliyefariki 1944 na kitabu chake juu ya lugha shuleni kutoka miaka mitatu baadaye. Shcherba alishikilia kwamba lugha mama unaweza kuipiga marufuku darasani, lakini vichwani mwa wanafunzi haitoki. Basi afadhali uilete mezani, uilinganishe na ile ya kigeni, uonyeshe kwa uwazi panapotofautiana. Sijaona mtu aliyesema la busara kuliko hilo. Vladimir Arakin alilipeleka mbele na kitabu chake cha kulinganisha muundo wa Kiingereza na wa Kirusi, kilichotoka mwaka 1979, ambamo mpangilio wa maneno unachambuliwa kama fundi anavyofungua injini: Kirusi kinaonyesha nani kamfanyia nani nini kwa miisho ya maneno, kwa hiyo maneno yako huru kutembea, Kiingereza kimepoteza miisho, kwa hiyo nafasi ndiyo inayosema kila kitu, na ukiigusa umegusa maana.

Hilo wanaisimu walilijua. Kutoka kwao kwenda kwa mtoto wa darasa la tano kulikuwa na safari, na njiani kitu kilipotea.

Nitaeleza kwa kile nilichokiona. Mwenzangu wa chumbani alikuwa mtoto wa dereva wa trekta, bingwa wa kemia ya udongo, na alikuwa na mtihani wa Kiingereza ambao bila kuufaulu asingepanda mwaka. Jioni moja alifungua daftari lake la miraba, akaandika sentensi aliyopewa: "Nina bought two tickets yesterday." Chini yake maelekezo, yaleyale ambayo kila Mrusi wa rika langu anayajua kama dua: uliza aina tano za maswali. Swali la jumla. Swali maalumu. Swali la kuchagua. Swali la mkia. Swali kwa kiima. Juu ya kitanda chake alikuwa amebandika kadi yenye visanduku vinne, kwa wino wa rangi nne: neno la kuulizia, kisaidizi, kiima, kitenzi. Akaanza kujaza kama mtu anayejaza fomu ya benki. "Did Nina bought," akaandika, akasita, akalifuta neno la mwisho kwa wembe, akaandika "buy". Kosa hilo ni la wote. Mrusi anajua tendo limepita, na haamini kwamba neno dogo lisilo na maana limeubeba wakati huo peke yake. Anauweka na kwenye kitenzi, ili awe na uhakika. "When did Nina buy two tickets?" hilo likapita. Akafika swali kwa kiima, na kwa kuwa mkono ulikwisha kuzoea, akaandika "Who did buy?" Hapo ndipo kadi ilipomwangusha, maana swali la kiima ndilo pekee lisilomtaka mtumishi. Akarudi tena kwenye wembe.

Kilichonishangaza ni kazi yenyewe zaidi ya makosa. Nina alinunua tiketi mbili jana. Hilo liko kwenye karatasi, limepigiwa mstari. Mwenzangu alikuwa anauliza lini, naye anajua ni jana. Anauliza ngapi, naye anaziona ni mbili. Shule nzima ya Kisovieti ilifundisha swali kwa njia hiyo: lianze na jibu, kisha lirudi nyuma. Vitabu vilikuwa vizuri, sivisemi vibaya. Kile cha Bonk, Kotiy na Lukyanova, kilichotoka mwaka 1960 na kutumika kwenye kozi za wizara ya biashara ya nje, kilikuwa na mazoezi mengi kiasi kwamba watu hawakusema wanasoma Kiingereza, walisema wanapitia Bonk, na waliofika mwisho walijua sarufi kuliko makarani wengi wa London. Vya shule vya Starkov vilikuwa na familia ya Stogov, ambayo kila mtoto aliijua kama majirani. Lakini hakuna aliyekuwa na haja ya kujua lolote kuhusu akina Stogov ambalo halikuandikwa ukurasa huohuo.

Na darasani, anayeuliza alikuwa mwalimu. Kipindi kilianza kwa ibada isiyobadilika: mwalimu anauliza nani yuko zamu, leo tarehe ngapi, nani hayupo, mwanafunzi wa zamu anasimama na kujibu. Hesabu mwenyewe: "Who is on duty today?" "What date is it today?" "Who is absent?" Yote matatu hayamhitaji "do", na yote matatu yanatoka upande mmoja wa meza. Mtoto alimaliza shule akiwa amejibu maelfu ya maswali kwa Kiingereza, na aliyoyauliza kwa sababu anataka kujua hayafiki kiganja kimoja.

Angemwuliza nani? Mwaka 1957 tamasha la vijana wa dunia lilileta wageni zaidi ya 30,000 Moscow kwa wiki mbili, na kwa Warusi wengi wale walikuwa watu wa kwanza wa nje waliowahi kusema nao. Mwaka 1961 serikali iliagiza zifunguliwe shule 700 zenye mkazo wa lugha, baadhi ya masomo yakifundishwa kwa lugha ya kigeni. Waliobahatika kuingia humo walitoka wakizungumza. Nje ya hapo kulikuwa na redio yenye mikwaruzo, na sisi. Ndiyo, wanafunzi wa Kiafrika. Katika mabweni ya Voronezh mtu aliyetoka Tanzania, Kenya au Ghana alikuwa ndiye Kiingereza chenyewe, hata kama alikuja kusoma mahindi. Walikuja vyumbani na chai na jemu na mazoezi yao, nasi tuliwajibu kwamba ni hivi kwa sababu ndivyo tulivyosikia. Mkalimani maarufu wa Khrushchev na Brezhnev, Viktor Sukhodrev, aliishi London utotoni miaka ya vita, na hiyo ndiyo siri yake yote. Alikipata Kiingereza mitaani kabla ya kukutana na visanduku vinne.

Watoto wa Kiingereza nao, kwa taarifa yako, hupita njia ileile ya Warusi. Edward Klima na Ursula Bellugi walichunguza watoto watatu wa Kimarekani na kuandika mwaka 1966 kwamba kwanza mtoto hupandisha sauti tu, kisha huweka neno la kuulizia mbele bila kugusa kingine, na mpangilio wenyewe huja mwisho. Kwa hiyo "Where you go?" ni kituo njiani. Tofauti ni kwamba mtoto ana mama wa kumwuliza mara mia kwa siku.

Waliokivuka kituo hicho walikutana na kingine. Mwalimu alipokwisha kupigilia "kisaidizi kabla ya kiima" kwa miaka sita, mwanafunzi alikibeba hata pasipotakiwa: "I don't know where does he live." Swali likiwa ndani ya sentensi nyingine Kiingereza huurudisha mpangilio wa kawaida, "where he lives", na Mrusi aliyesota kuugeuza anaona anadhulumiwa. Juu ya hapo kuna adabu. Kirusi cha heshima huuliza kwa kukanusha: hutaniambia saa ngapi, hujui posta iko wapi. Mzee wa Kirusi anayetaka kuwa mpole kwa Kiingereza atakuambia "Don't you know where is the post office?", na Mwingereza anasikia anaitwa mjinga. Ongeza na IK-3 iliyosafiri bila pasipoti, ule mruko wa sauti unaoporomoka, na utaelewa muuza vinyago wangu anachokisikia.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991 vitabu vya Oxford viliingia kwa makasha, Headway mbele yao, na pamoja navyo zoezi la aina mpya: wewe una karatasi hii, mwenzio ana ile, kila mmoja amefichiwa nusu ya habari, na bila kuuliza hamfiki. Walimu wa zamani waliona ni mchezo wa watoto. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza tangu mabaharia wa Permsky. Hata hivyo jedwali halikufa. Januari 2012 televisheni ya Kultura ilirusha kipindi cha Polyglot, mkalimani Dmitry Petrov akiwafundisha waigizaji na wasanii Kiingereza kwa saa 16, na kiini chake kilikuwa mraba wa vyumba tisa: wakati uliopo, uliopita na ujao, kukubali, kukanusha na kuuliza. Nusu ya wageni wangu wenye umri wa makamo wameupitia. Naweza kuwatambua, huwa wanatazama juu kidogo kabla ya kuuliza, kama wanaousoma hewani.

Vijana wao wana mtihani. Tangu 2015 mtihani wa taifa wa kumaliza shule, EGE, una sehemu ya kuzungumza kwa Kiingereza, na zoezi mojawapo ni kuuliza. Mtahiniwa anakaa mbele ya kompyuta akiwa na vipokea sauti masikioni. Linatokea tangazo, tuseme la bwawa la kuogelea, na hoja kadhaa: mahali, bei, saa za kufungua. Anapewa dakika moja na nusu ya kujiandaa, kisha sekunde 20 kwa kila swali. Mwanzoni maswali yalikuwa matano; tangu 2022 ni manne. Safari hii jibu halipo kwenye karatasi, hilo ni jambo jipya. Ila halipo popote, kwa sababu hakuna wa kujibu. Sauti inarekodiwa, sekunde zinaisha, skrini inaleta hoja inayofuata. Na swali lazima liwe la moja kwa moja, hivyo ndivyo walivyoandika wenye mtihani. Mtoto akisema "Could you tell me what the price is?", kwa adabu zote na kila neno mahali pake, swali gumu kuliko yote kwa mtu aliyezaliwa na Kirusi, anapata sifuri.